Miti Niliyoipanda kwa Mdomo

Butembo, siku ya posho, yaani Jumamosi, saa kumi na moja ya jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya baridi isiyo na haraka, na ukungu umekaa juu ya mabati ya mtaa wetu wa Vulamba kama vile umekosa fasi ya kwenda. Nimevaa sweta mbili. Hata hivyo uso wangu unawaka.

Nasikia haya.

Niliandika maneno hayo mawili, nikafunga simu, nikaenda jikoni kuangalia maharagi, nikarudi. Bado yako pale. Basi niendelee.

Ninyi munaosoma hapa munajua kwamba mimi si mtu wa vitabu. Nilimaliza shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari, kisha baba akasema inatosha. Blogu hii alinifungulia binti yangu Furaha, nadhani alichoka kusikia mambo yangu yote yeye peke yake. Nimewaandikia juu ya viazi, juu ya goti langu, juu ya kwaya ya bamama na ugomvi wake. Leo naandika jambo ambalo hata Furaha hajui.

Kwa miezi minne iliyopita nilikuwa mwalimu. Mimi! Kanisa letu liliazimisha ukumbi wake kwa mafunzo ya badoctorants, yaani watu wanaosomea udaktari wa vitabu, si ule wa sindano. Wako tisa, kutoka hapa Butembo na Beni. Huyu anachunguza udongo, mwingine maji, mwingine kakao. Profesa anayewaongoza hataki watoke na karatasi tu. Anataka wawe viongozi, watu ambao kesho watasimama mbele ya gavana au mbele ya wakulima na kuonyesha namna ya kuishi na ardhi bila kuimaliza. Yeye anaita développement durable. Mimi naelewa hivi: tule leo, na mjukuu naye akute kitu kwenye sahani.

Sasa Profesa ana desturi yake. Kila doctorant anapewa mzazi wa shamba. Mzazi wa shamba ni mtu wa jembe, au mchoma makala, yaani makaa ya kupikia, au mvuta maji, na mwanafunzi anamfuata siku mbili kila wiki. Mwisho wa wiki mzazi anaandika kwenye carnet, daftari ndogo ya mwanafunzi: nini ameelewa, nini bado. Donc, yaani kwa hiyo, mimi mwenye miaka minane ya shule nilikuwa natia alama mtu mwenye miaka ishirini ya shule. Mungu anisamehe, nilipenda. Nilinunua kalamu mpya ya bic ju ya kazi hiyo.

Mimi nilipewa Kahindo. Ni msichana wa Mutwanga, mfupi, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Anajua jina la kifaransa la kila jani, lakini akimenya kiazi anakitupa nusu pamoja na maganda. Mbuzi wa jirani walianza kumsubiri kwenye uzio. Wiki ya kwanza niliandika kwenye carnet yake: «Anaelewa mvua. Haelewi viazi.» Profesa alisoma mbele ya wote, akacheka mpaka akavua miwani.

Mutaniuliza: katika bamama wote wa kanisa, ju ya nini walinichagua mimi?

Ju ya miti.

Nieleze vizuri. Kabla ya kuja Butembo tulikaa upande wa Mabalako, karibu na Mangina. Huko mimi na bamama wa kanisa tulipanda miti kwenye mteremko, juu ya chemchemi. Hii ni kweli. Tulipalilia miaka sita, tukafukuza mbuzi, tukaimba. Hii pia ni kweli. Kisha vita vikafika upande wetu. Vijiji vya juu vikakimbilia kwetu, shule ikajaa watu mpaka kwenye baraza, na mwisho sisi wenyewe tukakimbia.

Yenga, yaani Jumapili, yangu ya kwanza hapa Butembo, mchungaji aliomba waliofika wapya wasimame kutoa ushuhuda. Ndiyo desturi yetu: mkimbizi anasimama mbele ya kanisa na kusema ni nini Mungu amemchungia. Mama mmoja alisema Mungu amemchungia batoto wake wanne. Mwingine alisema mume. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kuazima, nanuka barabara, sijala tangu jana yake. Furaha alikuwa anasinzia kwenye benchi, kwa hiyo hata yeye sikukumbuka kumtaja. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema:

«Mungu amechunga miti yetu. Vita vimepita, miti imesimama.»

Kanisa lote likaitika: Amina!

Sijui ilitoka wapi. Hapana, najua. Nilitaka niwe mtu, si mkimbizi. Ile Amina ilinifunika kama blanketi.

Kwa sababu miti haikuwa imesimama. Nilikuwa nimeiacha ikiwa mashina.

Mara ya pili nilipotoa ushuhuda, kwenye mkutano wa bamama, miti ilikuwa imekuwa mirefu. Mara ya tatu chemchemi ilikuwa inatoa maji masafi. Mara ya nne, nasikia haya hata kuandika, kulikuwa na wajane wanapumzika kwenye kivuli. Kila Amina ilichipusha tawi. Na nani angeenda kuona? Barabara ilifungwa. Vita vilivyonifukuza ndivyo vilinilindia uongo wangu.

Mtu mmoja tu alijua, na hakusema. Mama Zaina ni jirani yangu, Mwislamu, mwanamke asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Mume wake, Papa Ramazani, anapeleka mizigo kwa pickup mpaka Mangina siku ambazo askari wanaruhusu. Mwaka jana tulikuwa kwenye foleni ya bomba, nikiwa bado nasimulia mambo ya mkutano, akanitazama juu ya bidon yake ya maji:

«Mama Furaha, ile miti yako inazalaka Amina tu, haizalake kuni?»

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Macho yake hayakucheka. Nikajua kwamba mume wake amepita pale na ameona. Lakini hakurudia tena neno hilo, mwaka mzima.

Basi Kahindo. Alinisikiliza kama mtu anayekunywa. Aliandika sura nzima ya kitabu chake juu ya mteremko wetu. Siku moja alikaa hapa jikoni kwangu, akanisomea, akitafsiri kutoka kifaransa: kwamba pale ambapo bamama wenyewe ni wenye miti, hata vita haviwezi kuikata. Alisema viongozi wa kesho wanapashwa kujifunza hapo. Jina langu liko kwenye ukurasa wa mbele, fasi ya shukrani.

Ningeweza kusema siku hiyo. Tulikuwa wawili tu, na sufuria.

Nilimshukuru kwa kinande, «Wasingya, binti yangu,» nikamwongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Juzi Mama Zaina aliingia kwangu bila hodi. Alibaki amesimama.

«Mutoto yako ya masomo ameomba fasi ndani ya gari ya bwana yangu. Lundi anaenda kupima miti.» Yaani Jumatatu hii.

«Miti gani?»

«Weye njo unaniuliza mie miti gani?»

Nilikaa chini. Yeye hakukaa.

«Barabara iko namna gani?» nikauliza.

«Wiki ile ingine gari yenye ilikuwa mbele yake banaichoma. Unajua. Ulikuya kuomba na shiye.» Ni kweli, nilikwenda kuomba nao, kila mtu kwa njia yake. «Bwana yangu anaendaka ju ya chakula ya batoto yake. Ule mutoto atakufa ju ya nini, Mama Furaha? Ju ya mashina?»

Akatoka. Kwenye mlango akageuka. «Sikusemaka kwa mutu. Lakini Lundi nitasema.»

Sasa nawaambia nilichofanya jana, ili munijue vizuri. Sikwenda kusema kweli. Nilimwita Kahindo nikamwambia nimeota ndoto. Barabara nyekundu, gari limesimama, sauti inasema asiende. Sikuota kitu. Nililala vibaya tu. Nilichukua jina la Mungu nikalitumia kama kipande cha kitambaa cha kufunika sufuria.

Kahindo alinishika mkono.

«Mama, hapana kuogopa. Profesa anasemaka: kama haujaigusa, usiiandike. Na weye njo ulinifundisha kama muti iko na mama yake haianguke.»

Kisha akatoa kwenye mfuko mita mpya ya kupimia, ya njano, akaivuta, akanizungushia kiunoni.

«Eh! Weye uko muti munene! Nitaandika weye wa kwanza.»

Tulicheka. Aliponiacha, ile mita ilijirudisha yenyewe kwenye kiboksi chake, tak, na nikasikia sauti hiyo mpaka leo asubuhi.

Leo ilikuwa siku ya kufunga mafunzo. Wazazi wa shamba tulikaa mstari wa mbele, vitenge vya sherehe, mimi katikati. Nyuma walikuwa bamama wa kanisa waliopika. Kila doctorant alisimama kueleza kazi yake. Kahindo alikuwa wa sita. Kwenye ukuta alionyesha picha ya mteremko wetu, aliyoichora mwenyewe kwa kufuata maneno yangu: miti, chemchemi, hata wale wajane kwenye kivuli. Aliwachora na vitambaa kichwani. Mmoja wao alifanana nami.

Akasema, «Lundi naenda kuhakikisha.»

Nikasimama.

«Miti haiko.»

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu. Profesa akaweka mkono kwenye sikio. «Sema nguvu, mama, hatusikie.»

Basi ikanilazimu kuitoa mara ya pili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto: «Miti haiko! Ilikatwaka yote! Niliwadanganya!»

Kahindo alibaki na kijiti chake kimeelekea ukutani.

«Nani alikataka ya kwanza?» akauliza.

«Mie.»

«Juu ya nini?»

Nikaeleza. Kwamba kwenye darasa la pili la shule ile kulikuwa na mama anajifungua, kuni zote zimelowa, maji hayachemki, na mkunga anapiga kelele. Kwamba nilichukua panga nikapanda mteremko, nikakata mti niliopanda kwa mkono wangu, ule mkavu upande mmoja. Kwamba mtoto alizaliwa, akaishi. Kwamba watu waliniona na mti begani, mimi kiongozi wa kundi, na kesho yake wakapanda na mapanga yao, na mimi sikuwa na mdomo wa kuwakataza. Wiki mbili. Chemchemi ikawa matope.

Kahindo alifunga kompyuta yake. Alipita katikati ya benchi, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Nilingoja Profesa anisemeshe, hata kwa ukali. Hakuniangalia. Aliwaangalia wale wanane.

«Miezi mine mulikuwa na huyu mama. Nani kati yenu alimuuliza batu balikuwa banapikia nini wakati ya vita?»

Mmoja alianza kufunua kurasa za carnet yake.

«Mulipenda ile hadithi,» Profesa akasema. «Na mie niliipenda. Kiongozi mwenye anapenda hadithi kupita swali atakausha chemchemi ya batu.» Akakaa, akafuta miwani muda mrefu.

Hapo ndipo sauti ilitoka nyuma, laini: «Mungu asifiwe ju ya ule mutoto. Amina.» Na ukumbi ukaitika, bamama wote: Amina.

Na mimi nikasikia lile blanketi. Lilelile. Likaanza kunipasha joto mabegani.

Aliyeanza ile Amina ni Mama Kavira.

Nitafika kwake. Nimalize kwanza na Kahindo. Alirudi, nguo zimemshika mwilini, akasimama mbele yangu maji yanamdondoka. Sauti yake ilikuwa ya bureau, ya ofisini.

«Lundi siende tena. Nitakuya kwako. Utanieleza kila muti: nani alikata, siku gani, ju ya kupika nini. Naanza ile sura upya.» Kisha: «Na mara hii, mama, usinipe sombe mbele ya kumaliza.»

Hakunishika mkono. Lakini hataingia kwenye lile gari. Mama Zaina, nilipompitia kumwambia, alisema tu «Alhamdulillahi», akarudi kwenye pasi yake. Nimshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru.

Ningefunga hapa. Ingekuwa shajara nzuri: mwenye dhambi amesema, mwanafunzi amepona. Ninyi mungeniandikia Amina huko chini.

Lakini sikusema yote.

Mteremko haukuisha wote kwa zile wiki mbili. Ilibaki miti saba, pale kabisa kwenye jicho la maji. Bamama tulikusanyika, tukaizunguka, tukashikana mikono, tukaapa mbele ya Mungu: hii hapana. Hii hata mtu akifa kwa baridi. Na watu waliheshimu. Watu wenye njaa, waliolala chini, waliheshimu ile miti saba ju ya maombi yetu.

Mimi sikuheshimu.

Siku risasi ziliposikika karibu, kulikuwa na mchoma makala mmoja ambaye ndugu yake alikuwa na moto, yaani pikipiki. Nilimpeleka kwenye chemchemi wakati wenzangu wako kwenye maombi ya saa sita. Sikushika panga. Nilionyesha kwa kidole tu. Mmoja, wa pili, mpaka wa saba. Yeye akapata makala yake, na mimi na Furaha tukapata fasi kwenye moto ya kukimbia. Hapo hakukuwa na mama anayejifungua. Ndiyo maana Papa Ramazani alipopita aliona mashina mpaka kwenye jicho la maji.

Furaha, mwanangu, ukisoma: ile moto haikuwa ya msamaria mwema.

Mama Kavira alikuwa mmoja wa wale walioapa. Hakupata moto. Alitembea, na mjukuu mgongoni, siku sijui ngapi, na alipofika hapa miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani. Mimi nilimwosha. Nilipiga magoti na beseni ya maji ya moto na chumvi, na bamama wakasema, angalieni upendo. Na kwenye mkutano wa bamama, niliposema tena kwamba miti imesimama, aliyepiga makofi kupita wote ni yeye. Leo ndiyo nimeelewa. Wengine walishangilia hadithi. Yeye aliamini nasema ile saba.

Alinisubiri kwenye mlango wa ukumbi leo, sahani za watu mkononi. Akasogea karibu, polepole, ili wengine wasisikie.

«Na ile saba, Mama Furaha? Ile ya chemchemi? Ile iko, hapana?»

Nilikuwa nimetoka kuungama. Machozi yangu yalikuwa hayajakauka. Na nikamjibu: «Sijui, mama. Tulikimbia.»

Angalieni. Hata dakika kumi sikuweza kukaa na kweli.

Nafikiri najua sasa namna ninavyofanya. Mbele ya watu wengi naweza kusema dhambi yangu, mradi iwe ile yenye mtoto mchanga ndani yake. Nachagua ile itakayoitikiwa. Kahindo amesoma miaka ishirini ili ajue kupima, na nimempa mteremko wa maneno. Lundi atakuja na ile mita ya njano na bic, naye ataniuliza juu ya kila mti. Sitaki asikie habari ya ile saba kabla ya Mama Kavira aliyeiapia.

Kesho ni yenga. Mama Kavira ndiye anapanga orodha ya ushuhuda. Kabla ya kuanza kuandika hapa nilimtumia SMS kuomba nafasi. Yeye ana simu ndogo ya vibonye, blogu haioni. Akaniuliza, ushuhuda wa nini. Nikaandika: wa miti. Amejibu neno moja.

Amina.

Nimelitazama mpaka skrini ikazimika. Kisha nimemwandikia tena anitoe kwenye orodha.

Sitaanza kanisani. Kengele ya kwanza inapiga saa mbili. Saa moja nitakuwa kwake, ule mlango wa mabati ya bluu, fasi hakuna mtu wa kuitikia. Atakuwa amekaa kwenye kigoda anajipaka mafuta, kama kila yenga, kabla ya kuingiza viatu ambavyo bado vinambana. Sitapiga magoti. Watu wangesema, angalieni. Nitasimama, nitahesabu kwa kidole kilekile, mmoja mpaka saba, na wakati nasema nitaangalia miguu yake.